Hisa za Kaka

Mhasibu mkuu alikunjua jora la kitambaa juu ya meza ya mkurugenzi, akamwonyesha mkunjo. Rangi ya buluu ilikuwa imepauka mstari mzima.

"Ghala lote liko hivi," alisema. "Hatuwezi kuliandika kwa bei tuliyonunulia."

"Mama, huenda mteja akapatikana."

"Akipatikana, faida tutaiandika siku hiyo. Hasara naiandika leo."

Mkurugenzi alishusha pumzi. "Kesho tukitangaza hesabu hizi, hisa zetu zitaporomoka sokoni."

"Najua."

Miguu ilikuwa ikimuuma mhasibu tangu asubuhi alipozunguka ghalani. Mwaka wa thelathini huu kazini, na ubishi ulikuwa uleule. Alitia sahihi, akatoka.

Simu ilimkuta kwenye korido. Alikuwa kaka yake mkubwa, ambaye kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye hisa za kampuni hiyo, kwa kuwa mdogo wake ndiye aliyeshika vitabu vya hesabu.

"Mdogo wangu, dalali amenipatia mnunuzi wa hisa zangu, tena kwa bei nzuri. Niuze leo au ningoje?"

Sheria ilimkataza kumwambia mtu yeyote kabla ya soko kutangaziwa. Aliegemea ukuta. Kidole gumba chake bado kilikuwa na vumbi la buluu.

"Upo?"

"Nipo. Siwezi kukujibu hilo, kaka."

Kaka yake alicheka. "Haya, mambo ya ofisi hayo, nimekuelewa. Basi nangoja. Wewe ukiwa humo, niogope nini?"