Mwisho Uliokatwa

Taa za ukumbi ziliwashwa mapema mno, na mwandishi akaruka kitini kama aliyemwagiwa maji ya moto.

"Ngojeni! Haijaisha!"

Nani amsikilize? Watu walikuwa wamekwisha kusimama, wanapiga makofi, wanafuta machozi, wanasukumana mlangoni. Nje, foleni ya onyesho linalofuata ilikuwa imelizunguka jengo zima. Filamu yake ndiyo iliyokuwa gumzo la mji. Hakuna ukumbi uliobaki na kiti kitupu. Na hapa, katika sinema ya mtaa aliozaliwa, wameikata mkia!

Alipanda mbiombio hadi ofisini kwa mwenye sinema. Hata salamu hakutoa.

"Mwisho wangu uko wapi?"

Mzee akavua miwani. "Kaa kwanza, mwanangu."

"Sikai! Umeukata ili upenyeze onyesho jingine, si ndiyo? Tamaa tu, mchana kweupe!"

"Onyesho nimeongeza kweli, siwezi kukudanganya. Lakini sikuukata kwa sababu hiyo."

"Usinichezee akili, mzee!"

Ingekuwa ukumbi mwingine angepiga kelele kidogo akaenda zake. Lakini hii ilikuwa sinema ya majirani zao. Watu walewale waliokuwa wakisikia mama yake akipigwa, wakaongeza sauti ya redio. Watu walewale waliojaa msibani kumlilia baba yake, ati maskini, ngazi ilimteleza akiziba paa, na alikuwa mtu wa watu. Mtu wa watu, loh! Siku hiyo mwandishi alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Aliporudi nyumbani kutoka shule alikuta maturubai yamekwisha kufungwa, na hakutoa hata chozi.

Ndiyo maana aliutunga mwisho ule. Katika filamu, mke aliyechoka kupigwa anatoka uani na ndoo ya maji, anamwona mumewe juu ya ngazi. Anaitua ndoo. Anaisogelea ngazi, anaishika kwa mikono miwili, anaivuta. Aliyatoa yote hayo kichwani mwake, yawe zawadi kwa mama, apate kushinda angalau mara moja, japo kwenye skrini. Na majirani wakae gizani watazame, roho ziwasute.

"Wewe unawasha taa mke bado ameshika ndoo!" akafoka. "Wanatoka hapa wakidhani alivumilia tu mpaka mwisho. Umemdhulumu mama yangu, unasikia? Mama yangu mzazi!" Akaipiga meza, chai ikamwagika. "Onyesho lijalo utaonyesha filamu yote, la sivyo naipasua mashine yako!"

Mzee hakushughulika na chai. Alikuwa anatazama mlangoni.

"Bora umekuja," alisema. "Mwambie mwenyewe, mama. Mimi nimechoka kutukanwa."

Mwandishi akageuka. Mama yake alikuwa amesimama pale, mtandio umemwanguka begani, pumzi zinampaa kwa kupanda ngazi. Mama yuleyule ambaye kila akimwalika kuja kuitazama filamu, alisema magoti yanamsumbua.

"Usimgombeze bwana wa watu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba. Nilikuja siku ya kwanza kabisa, nikakaa nyuma peke yangu. Ilipokwisha nikamlilia hapahapa mpaka akakubali."

"Lakini kwa nini, mama? Nimekuandikia wewe! Na hadithi yenyewe ni ya kutunga tu!"

Mwenye sinema alichukua miwani yake, akawapisha. Mama akangoja hadi nyayo za mzee zikapotea, akafunga mlango, akamshika mwanawe mkono kwa nguvu ambazo mwandishi hakujua kama mama anazo.

"Siku ile wewe ulikuwa shuleni," alinong'ona. "Niambie, mwanangu. Ni nani aliyeniona?"