Upande wa Nyuma wa Mkeka

Tarehe tatu Agosti, asubuhi ya manyunyu, Bi Somoe aliingia ukumbi wa sanaa akakuta mkeka wake umetundikwa ukutani. Chini yake paliandikwa: "Kazi ya fundi Shaibu." Alisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha jioni. Shaibu alikuwa marehemu mumewe, aliyempelekea mikeka sokoni.

"Ya Rabi, nipe ulimi," aliomba. Kisha akapaza sauti: "Huu nimeusuka mimi!"

"Una hakika, bibi?" msimamizi aliuliza.

Wifi yake Bi Somoe, aliyekuja naye, akadakia, "Kaka yangu asuke? Hata kamba ya mbuzi alifungiwa na mkewe!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Bi Somoe akaomba mkeka ugeuzwe. Kwa nyuma, pembeni, palikuwa na ukindu mmoja mwekundu uliopitishwa kinyume, alama aliyojiwekea tangu usichana, maana kila msusi wa mji ule ana yake. Akatoa kikapuni ukili, utepe wa kushonea mkeka mpya, aliokuwa akiusuka. Alama ni ileile.

Vigelegele vikapaa. Bi Somoe akauinua ukili juu.

"Shuhudieni nyote! Mkeka wa ukili huu, Mungu akinipa uzima, nitausuka na jina langu, tena upande wa mbele."