Misumari ya Mzee Milimeta

Msumari wa kumi na saba uligoma. Binti aliubana kwa koleo, akakanyaga mguu wa meza ya msumeno, akavuta mpaka jasho likamtoka. Ulipong'oka, alisikia kama mtu amevuta pumzi nyuma yake.

Aligeuka upesi. Hakukuwa na mtu. Koti la kazi la baba yake lilining'inia pale pale ukutani, mabega yametuna kana kwamba mwenyewe yumo ndani.

"Usinitishe, Baba," alisema kwa sauti. "Ulishanitesa vya kutosha ulipokuwa hai."

Ilikuwa asubuhi ya pili tangu mama yake amkabidhi funguo za karakana. Mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Milimeta, alikuwa amezikwa miezi miwili iliyopita. Alipasua mbao mpaka wiki ya mwisho ya uhai wake, na hakuna mteja aliyewahi kumrudishia ubao kwa kukosea kipimo. Watu walitania kwamba ukimpelekea unywele ataupasua katikati, na kila nusu atakupigia msasa.

Lakini karakana aliyoiacha ilikuwa na vituko. Kwenye dari palikuwa na kishikio cha balbu kilichofunikwa na utando wa buibui, balbu yenyewe hakuna. Binti alinunua moja siku ya kwanza. Mama alipoiona inawaka, aliikodolea macho muda mrefu.

"Sisi tulishazoea hivi hivi," alisema tu, akaondoka.

Kituko kikubwa zaidi kilikuwa kipimo cha msumeno. Mbele ya meza kuna ubao mwembamba wenye alama, na juu yake husogezwa kizuio, kile chuma kinachoamua ubao utakatwa kwa upana gani. Kwenye mashine za watu wengine, alama hizo ni tarakimu za kawaida. Mzee Milimeta alikuwa amepigilia misumari ya viatu: mmoja mdogo kila sentimita, miwili ikibanana kwenye tano, na mmoja wenye kichwa kikubwa kwenye kumi. Hapakuwa na tarakimu hata moja.

"Ubahili na ubishi," binti alinong'ona. Futi mpya inauzwa kila duka.

Chini ya misumari alikuta karatasi ngumu yenye tarakimu za rangi nyeusi, kila moja kubwa kama kiberiti. Aliibandua kwa patasi. Chini yake palikuwa na nyingine, tarakimu zake kubwa kama kidole gumba. Chini ya hiyo, utepe wa fundi cherehani uliogandishwa kwa gundi, na chini kabisa, kipimo halisi cha mashine, kilichofutika. Viraka juu ya viraka. Alifanya kazi kwa hasira, na kila mara aligeuka kuangalia mlangoni. Hakupenda kuupa mgongo ule mlango.

Miaka minne iliyopita alikuwa amesimama pale, mtoto mgongoni. Aliolewa na mtu ambaye baba hakumtaka, wakatupiana maneno makali, na sasa alikuwa amekuja kuomba radhi. Mashine ilikuwa inanguruma, vumbi limetanda. Baba aliinua uso, akamkazia macho moja kwa moja. Binti alisubiri hata ishara ya mkono. Baba akainama, akachukua ubao mwingine, akaendelea kupasua. Kisha mwingine. Kisha wa tatu. Binti aliondoka akilia kimya kimya, na hakurudi tena mpaka siku ya maziko.

Macho yale hayakumwacha. Yalimfuata jikoni, yalimfuata kitandani, na tangu jana yalikuwa humu karakanani, yakimtazama kila mahali alipokuwa.

Mama aliingia na kikombe cha chai. Alipoona misumari ndani ya kopo, alisimama ghafla, chai ikamwagika.

"Umeing'oa yote?"

"Imebaki ya huku mwisho. Mama, usianze. Siwezi kufanya kazi na takataka hizi."

"Zingekuwa ukumbusho wake."

"Ukumbusho!" Alitupa koleo mezani. "Mtu aliyenitazama usoni, mimi na mjukuu wake, akaendelea na mbao zake kama vile sisi ni mbwa wa jirani?"

Mama aliweka kikombe chini polepole. "Alikutazama lini?"

Hapo binti akamweleza yote, kwa mara ya kwanza. Siku ile mama hakuwepo, alikuwa ameenda kumuuguza dada yake. Alimsikiliza bila kumkatiza, uso ukizidi kumwiva kwa uchungu. Kisha akamshika mkono, akauvuta hadi kwenye ubao mwembamba.

"Funga macho."

"Mama, mimi sina muda wa..."

"Nimesema funga macho, mwanangu."

Alifunga. Mama alikiweka kidole cha binti juu ya misumari iliyobaki, akakisogeza taratibu. Mdogo. Mdogo. Mdogo. Mdogo. Miwili pamoja. Mdogo, na mingine mitatu. Kisha kichwa kikubwa, baridi, kilicholainika kwa kuguswa.

"Kumi," binti alisema, na mwili wote ukamsisimka.

Hakuyafumbua macho. "Tangu lini?"

"Huu ungekuwa mwaka wa sita. Aliniapisha nisimwambie mtu. Nani angemletea tena mbao fundi asiyeona?" Mama aliuachia mkono wa binti. "Na kila alipozima mashine, aliniuliza kama kuna mtu amesimama mlangoni."