Kura ya Spika

Karani wa bunge alitangaza kwamba kura zimelingana.

Kwenye roshani ya wageni, mama aliyeketi kando ya Verna alimkamata mkono. Glavu yake ya sufu, iliyolowa theluji ya jiji la Regina, Kanada, ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba.

"Sasa nani anaamua, mwanangu?"

"Spika, mama."

"Basi tumeshinda!" Mama akashusha pumzi. "Yule alinikumbatia pale koridoni. Alilia kunishinda mimi."

Mwana wa mama huyo alifia mahabusu, na mswada huu ungelazimisha kila anayekamatwa aonwe na muuguzi kabla ya kufungiwa. Verna alikuwa ameufuatilia tangu ulipoletwa bungeni. Ndiyo kazi yake: kuwaarifu mawakili wa jimbo sheria zinapobadilika, nao wanataka habari dakika ileile.

Kwa desturi, kura zikilingana kwenye usomaji wa mwisho wa mswada, kama huu, Spika huiacha sheria kama ilivyo, hata kama amelia vipi.

Hakumwambia mama. Kwa mkono uliobaki huru aliandika kwenye simu: *Mswada umeanguka.* Kidole kikabaki juu ya kitufe cha kutuma.

Kule chini Spika alisimama, akafunga kifungo cha koti. Alitazama kila upande isipokuwa juu.

Glavu ikalegea. Mama alikuwa anaisoma simu.

"Mwanangu," alisema taratibu, "mbona umeshaandika, na yeye hata hajafungua mdomo?"