Mafuta Gani?

Taa nyekundu ya pikipiki ilikuwa ikiwaka tangu walipopita Nyantende, wala Polycarpe hakushtuka. Jana fundi alimwambia kwa simu, "Ikiwaka, ongeza mafuta," naye akajaza petroli, tangi la esansi likawa pomoni.

Sasa, katikati ya mlima wa kuingia Bukavu, injini ilianza kugonga kama nyundo. Akasimama palepale, mvuani.

Abiria wake, mama aliyebeba mtoto mwenye homa kali mgongoni, aliinama akaitazama ile taa.

"Papa, hii picha iko ya birika. Na tone moja iko inatoka ku mudomo."

Polycarpe alichomoa kijiti cha kupimia mafuta ya injini. Kikavu, cheusi, kinanuka kuungua.

"Maman, nilikosea mafuta. Tukiendelea hivi, moteri itakufa."

Barabara ilikuwa tupu juu na chini.

"Mutoto ameacha kulia," mama alisema.

Akatoa mfukoni chupa ya mawese aliyochukua ya kupikia hospitalini. "Hii si mafuta?"

Polycarpe aliigeuza chupa juu chini. Mawese yalikuwa yameganda kwa baridi, mekundu, magumu kama sabuni. Hakikudondoka kitu.

Mama akampokonya. Alimzungusha mtoto kifuani, akaibana chupa kwenye ngozi ya mtoto iliyowaka homa, akafunika kwa kitenge. Walisubiri bila kutazamana.

Alipoitoa, mawese yalikuwa yanatiririka kama maji.