Mchanga Mgongoni

Tangu Mwinjaka alipoacha mieleka akawa mwigizaji, baba yake, Mzee Kilindo, hakumsemesha tena. Yeye ndiye aliyemfundisha mieleka, na hakustahimili kuona dume lililoushinda mji mzima likikubali kuangushwa kwa kuigiza. Sasa homa ilikuwa imemuua Mwinjaka, na filamu yake ya majambazi ilikuwa ikioneshwa kwenye banda la video. Mzee akaenda.

Mwishoni polisi walimpiga jambazi Mwinjaka risasi. Akaanguka chali, akabingirika kifudifudi, mgongo wote mchanga. Banda likalipuka kwa shangwe.

Katika uwanja wao wa mieleka, aliyeangushwa hainuki mpaka mwalimu wake ampanguse mchanga mgongoni. Kwenye filamu hakuja mtu.

Mzee Kilindo akasimama, akaliendea shuka jeupe lililotundikwa mbele.

"Mzee, unatuziba! Hiyo picha tu!"

"Kaa chini, babu, ataamka filamu ijayo!"

Wakacheka. Mzee hakugeuka. Alipangusa polepole, kama zamani.

"Haya, baba," alinong'ona. "Inuka twende."

Shuka likatikisika, na mgongo wa Mwinjaka nao ukatikisika chini ya kiganja chake.