Baruti ya Gustave

Sule alilikata ganda la risasi kwa wembe, polepole, akamwaga vilivyomo juu ya kifuniko cha bati.

Kwanza marisau, zile punje zinazoruka bunduki ikilia. Yalikuwa makubwa kwa madogo, mengine yamebonyea. Hilo lingevumilika. Kisha kizibo kinachotenga marisau na baruti: kipande cha gazeti lililokunjwakunjwa. Mwisho baruti yenyewe. Ilitoka mabongemabonge, na alipoigusa ilimganda kidoleni. Chini kabisa, fataki inayopaswa kuiwasha ilikuwa imeshika kutu ya kijani.

Hata mpika chapati angejua kwamba risasi hiyo haifai, na Sule hakuwa mpika chapati. Alikuwa fundi wa silaha jeshini mpaka serikali ilipoanguka mwaka sabini na tisa. Sasa, miaka kumi baadaye, Koboko nzima ilimletea risasi zake za bei rahisi ili aseme neno moja tu, zinafaa au hazifai.

Mbele yake alichuchumaa Kenyi, mkulima wa Kuluba, na boksi la risasi tisa zilizobaki. Nyuma ya Kenyi, mlangoni, alisimama Gustave, mfanyabiashara wa Zaire aliyemuuzia.

"Afande, iko namna gani?" Kenyi aliuliza. "Nguruwe inamaliza muhogo yangu. Mimi nataka risasi ile inatoka mara moja tu."

"Unapiga kutoka mbali?"

"Hapana. Karibu. Hatua tatu hivi."

"Nguruwe gani itakungoja hatua tatu?" Sule alicheka. Kenyi hakucheka.

Sule akainua macho, yakakutana na ya Gustave. Miaka ile ya ukimbizi huko Zaire, huyu ndiye aliyewapa Sule na mkewe Rabia mahali pa kulala. Kitinda mimba wao alizaliwa kwenye kitanda cha Gustave, mwenyewe akilala jikoni. Mtu wa namna hiyo unamuaibishaje mbele ya mteja wake?

"Iko sawa," Sule alisema, akaifagia baruti kwa kiganja kabla mkulima hajaitazama vizuri. "Enda nayo."

Kenyi alipoondoka, Gustave akamshika Sule mkono. "Aksanti, ndugu. Ile mutu angeniharibia jina kwa soko yote."

Tangu saa ile chakula kikamkataa Sule. Alijua nguruwe mwitu aliyekasirika humfanya nini mtu mwenye bunduki isiyolia. Aliwahi kumwona askari aliyepasuliwa paja mpaka mfupa. Kila baiskeli iliyotoka upande wa Kuluba ilimshtua, akidhani inaleta habari za msiba. Rabia akimuuliza, alisingizia tumbo. Moyoni alijiita muuaji, na hakupata hoja ya kujitetea.

Siku ya nne alishindwa. Alfajiri alitoa kopo alilolificha chini ya paa. Ndani mlikuwa na risasi sita nzuri, zawadi ya askari wa wanyamapori ambaye Sule aliwahi kumtengenezea bunduki. Akapanda baiskeli bila kumuaga mkewe.

Alimkuta Kenyi peke yake uani. Alipomwona mzima, mikono miwili, miguu miwili, alimshukuru Mungu kwa sauti.

"Zile risasi," Sule alianza.

"Ilikataa," Kenyi alisema. "Jana jioni. Nilivuta mara mbili. Tik, tik, basi."

"Na nguruwe ilikuwa wapi?"

Kenyi alinyoosha mkono mpaka vidole vikakaribia kugusa kifua cha Sule. "Hapa."

Aibu ilimchoma Sule usoni. Akakiri yote palepale: baruti ilikuwa mbovu, yeye aliona kwa macho yake, akanyamaza kwa ajili ya rafiki. "Nisamehe, ndugu yangu. Ungekufa kwa sababu yangu."

Akamnyooshea kopo. Kenyi akazipokea zile sita. Sule alimsihi wajaribu moja. Wakaipiga kwenye kichuguu, nacho kikafumuka vumbi jekundu. Kwa mara ya kwanza Kenyi akatabasamu, akatia mbili nyingine bundukini.

"Hii iko mzuri," alisema. "Asante, Afande."

Sule alirudi akipiga mluzi. Alipitia sokoni kwa Gustave, akamwambia bila kuuma maneno kwamba mzigo ule asimuuzie mtu tena. Gustave aliinamisha kichwa, akakubali. Mambo yakaisha kwa chai na mandazi, na Sule akajishangaa kwa nini alijitesa siku zote hizo.

Alifika kwake saa nane, akaitisha ugali. Alikuwa kwenye tonge la tatu alipomwona kuku mweupe amefungwa miguu karibu na mlango.

"Kuku ya nani hii?"

"Ya Paska, bibi ya Kenyi wa Kuluba," Rabia alisema. "Alikuja asubuhi, wewe umeshatoka. Alipita njia ya mkato. Alitaka kukushukuru."

"Kunishukuru nini?"

Rabia akakaa chini. "Jana jioni bwana yake alimwekea bunduki kwa kifua. Akavuta mara mbili. Haikulia. Alikaa usiku mzima anakutukana, kwamba fundi wa Koboko amesifu risasi mbovu. Paska alisikia yote."

Tonge likabaki mkononi.

"Paska iko wapi?"

"Alikuwa anakimbilia kwa kaka yake kule Arua. Lakini watoto wake wamebaki kwa shamba ya jirani, na anasema kama bunduki iko na risasi yako, yeye haogopi tena. Amerudi nyumbani. Saa hii ameshafika."